Teksi Usiku, Gari Asubuhi: Kwa Nini Kipimo Kilikukuta na Pombe

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, uzito wangu kilo 75, naishi Bamburi. Alhamisi iliyopita tulikuwa Mtwapa tukimuaga mwenzetu wa kazini. Nilianza kunywa saa mbili usiku nikamaliza saa saba: bia sita za nusu lita na toti mbili za wiski. Gari nililiacha nyumbani makusudi, nikarudi kwa teksi, nikalala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niliamka, nikaoga maji baridi, nikanywa kahawa chungu na maji ya dafu, kisha nikampakia binti yangu kumpeleka shule Nyali. Saa kumi na mbili na nusu polisi walinisimamisha kwenye barabara ya Malindi wakaniambia nipulize. Kifaa kikasoma 46. Mtoto alichukuliwa na jirani yetu mwenye tuktuk, mimi nikapelekwa kituoni. Daktari, sikuwa nimelewa. Sikuyumba, sikuona mara mbili. Mashine inaweza kukosea kiasi hicho? Kuna chakula au dawa ya kutoa pombe mwilini haraka? Na jambo hili litanigharimu nini, maana gari ni la kampuni? Mke wangu nimemwambia nilikamatwa nikiwa nimeshamshusha mtoto.

JIBU: Kaka, mashine haikukosea. Kabla ya kukuandikia nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya vinywaji ulivyonitajia, uzito wako na saa zako, namba uliyosomewa nikiwa nimeiweka kando. Nilipata 49, yaani mikrogramu 49 za kilevi katika mililita 100 za pumzi. Wewe ulisomewa 46. Kwa hesabu ya mkono inayotegemea kumbukumbu ya mtu aliyekuwa kwenye sherehe, namba hizo mbili zinakubaliana.

Najua hili si jibu ulilolitarajia. Na kwa jambo moja nakuheshimu: uliacha gari nyumbani kwa kukusudia, na wengi hawafiki hata hapo. Kwa hiyo sitakupigia kelele, nitakuonyesha hesabu yenyewe, kwa kuwa kosa lako ulilifanya asubuhi, na ni kosa la watu waangalifu. Mtu asiyejali huendesha usiku uleule akitoka baa. Aliye mwangalifu hupanda teksi, akalala, kisha akaamini kwamba usingizi umemaliza kazi.

Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi, ambazo kwa uzito ni karibu gramu 20. Toti mbili za mililita 30 za wiski ya asilimia 40 zina karibu gramu 19. Yaani zile toti mbili ulizozihesabu kama kionjo cha kumuaga rafiki zilikuwa bia nyingine nzima. Ulikunywa bia saba. Jumla yake ni gramu 137 hivi.

Kilevi hakikai kwenye mafuta wala kwenye mifupa, hukimbilia penye maji. Kwa mwanamume wa kilo 75 tunakadiria kwamba kinasambaa katika kilo 51 za mwili wake. Gawanya gramu zako hapo, utapata kama miligramu 270 katika kila mililita 100 za damu. Hicho ndicho kiwango ambacho ungekifikia kama ungekunywa vyote kwa mkupuo mmoja na ini lisifanye kazi. Lakini ini lilianza kazi tangu chupa ya kwanza, na kwa mtu wa kawaida huondoa karibu miligramu 15 kila saa. Saa saba usiku, ulipokuwa ukipanda teksi, lilikuwa limeondoa 75. Ulibaki na 195. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi zilikuwa zimepita saa kumi na nusu tangu chupa ya kwanza, ini limeondoa kama 157, na zimebaki 113.

Kilevi kilichomo kwenye damu hupita mapafuni na kutoka na pumzi, kwa uwiano unaojulikana: damu huwa nacho karibu mara 2,300 ya pumzi. Ndiyo maana mtu akipuliza tunaweza kujua kilichomo kwenye mishipa bila sindano. Kanuni za kupima ulevi zilizotolewa Kenya mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambacho ni sawa na miligramu 80 za damu. Geuza 113 yako kuwa pumzi, unapata 49.

Sasa endeleza hesabu hiyohiyo mbele, maana hapo ndipo watu wengi hushtuka. Ungeshuka chini ya kikomo cha sheria kwenye saa mbili na dakika arobaini asubuhi, binti yako akiwa darasani tayari. Na kilevi kingeisha kabisa mwilini mwako saa nane mchana. Kule kazini ungesaini karatasi, ungehudhuria kikao, ungekula chakula cha mchana, na bado kilevi cha Mtwapa kingekuwa kwenye damu yako. Hapo nimetumia kasi ya wastani. Wapo watu ambao ini lao huondoa miligramu 10 tu kwa saa, na wapo wanaofikia 20. Mwenye kasi ya 10 angefika saa tano usiku wa siku ya pili ndipo awe msafi. Hakuna anayejua kasi ya ini lake kwa kujitazama kwenye kioo.

Umeniuliza kama kuna chakula au dawa ya kuharakisha. Wewe ni mtu wa Mombasa, umeshasimama Likoni asubuhi ukisubiri kivuko. Umati ukijaa mpaka barabarani, kivuko hakiongezi mbio. Kinabeba idadi yake, kinavuka, kinarudi. Ini liko hivyo. Vimeng'enya vinavyovunja kilevi ni vya idadi fulani, na vikishajaa, pombe iliyobaki husubiri zamu. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kilevi hupita kwenye ini. Kile kinachotoka kwa jasho, mkojo na pumzi ni kidogo mno. Kwa hiyo ukikimbia ufukweni mpaka fulana ilowe, umetoa jasho tu. Ukienda haja ndogo mara kumi, umetoa maji.

Kahawa inaamsha macho, haigusi kilevi. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwa kuwa inaiondoa dalili pekee ambayo ingekufanya ukae nyumbani, yaani usingizi. Maji baridi ya bafuni vivyo hivyo. Dafu ni zuri, linarudisha maji na chumvi ulizopoteza, kichwa hupungua kuuma, lakini namba ya kwenye kipimo haishuki. Supu ya mifupa, ndimu, ukwaju, mayai mabichi, vyote viko kundi hilo. Kutapika asubuhi hakusaidii chochote, kwa sababu pombe iliondoka tumboni zamani. Chakula kina kazi moja tu, nacho hufanya kazi kikiliwa kabla ya kunywa au wakati wa kunywa: hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu. Kikishaingia, wali na kuku havikitoi.

Muguka na miraa nivitaje peke yake, kwa kuwa huku Pwani watu wengi huvitafuna pamoja na bia, na madereva wa safari za usiku wameniambia uso kwa uso kwamba vinasawazisha. Havisawazishi. Mtu hubaki macho, mchangamfu, anajiamini, na ile sehemu ya ubongo inayopima umbali na kasi ingali imelewa. Afadhali mlevi aliyesinzia kwenye kiti cha baa.

Na kuhusu bazoka, peremende za mnanaa, vitunguu saumu na dawa za kusukutua: harufu unaweza kuifunika, lakini kifaa hakinusi harufu, kinapima kilevi kinachotoka kwenye damu ya mapafu. Baadhi ya dawa za kusukutua zina kilevi chenyewe, na mtu akisukutua halafu akapuliza hapohapo anaweza kusomewa namba kubwa isiyo ya kweli. Kilevi hicho cha mdomoni huisha ndani ya dakika 15 hivi. Kama umetoka kusukutua au kumeza dawa ya kikohozi dakika hiyohiyo, ni haki kuwaambia askari na kuomba kupimwa tena baada ya robo saa. Wewe hukunitajia jambo kama hilo, na saa zako zinatosha kueleza 46.

Sasa niligeukie neno lako, "sikuwa nimelewa". Nakuamini kwamba ndivyo ulivyojisikia. Kilevi kinapoingia kwenye ubongo, miguu si ya kwanza kuguswa. Kinaanza na uwezo wa kujihukumu, na mtu mwenye mazoea ya kunywa hujifunza kusimama wima, kuongea vizuri na kufungua kufuli bila shida wakati damu yake ina kiwango ambacho kingemlaza mgeni wa pombe. Mazoea hayo huficha dalili, hayarudishi wepesi wa mguu kwenye breki. Hali ya kujisikia vizuri haina maana yoyote kama kipimo. Ningependa uliamini hilo kuliko hata ile hesabu.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu kuona na kukanyaga breki, umepita mita 11 zaidi, ambazo ni zaidi ya urefu wa matatu mbili zilizofuatana. Asubuhi ile barabara ya Malindi ilikuwa na wanafunzi wanaovuka, mama wa mahamri, bodaboda zinazochomoka kushoto na kulia. Dereva mwenye kilevi hutazama mbele, akayaona yaliyo mbele, akapoteza ya pembeni. Na mtoto huingia barabarani kutoka pembeni.

Kuna utafiti wa zamani uliofanywa Grand Rapids, Michigan, ukachapishwa mwaka 1964, uliolinganisha madereva waliopata ajali na wengine waliopita mahali hapohapo bila ajali. Ndio ulioonyesha kwa namba jinsi hatari inavyopanda pamoja na kilevi. Baadaye Wamarekani waliurudia kwa uangalifu zaidi katika miji ya Long Beach na Fort Lauderdale. Kwa miligramu 80, hatari ya ajali ilikuwa karibu mara 2.7 ya dereva asiye na kilevi. Kwa 100 ilikaribia mara 5. Kwa 150 ilikuwa kama mara 22. Ona jinsi mstari usivyopanda sawasawa: chupa mbili za mwisho ni mbaya mara nyingi zaidi kuliko mbili za kwanza. Na hapo sijaongeza usingizi. Ulilala kwa muda wa saa nne tu, tena usingizi wa pombe, ambao hukatikakatika baada ya nusu ya usiku na haumpumzishi mtu. Hata siku ambayo kilevi kimeisha kabisa, hangova yenyewe huchelewesha macho na mikono.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha majeruhi. Watu hudhani usiku wa Jumamosi ndio mzito, na kweli ni mzito. Lakini asubuhi nina kumbukumbu zake. Mara moja, saa moja asubuhi, waliletwa watu wawili kwa ajali moja. Mmoja alikuwa fundi wa ujenzi aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli, mwiko na timazi bado vimefungwa kwenye keria. Mwingine alikuwa dereva, hana jeraha hata moja. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, nywele zimechanwa, kalamu iko mfukoni. Alikaa kwenye benchi la korido akirudia sentensi moja kwa kila aliyepita: "Lakini mimi nimelala." Fundi hakufika saa sita mchana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimelisikia lile benchi.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na kundi kubwa kati yao ni watembea kwa miguu. Siwezi kukuambia wangapi walikufa kwa sababu ya pombe, kwa kuwa si kila dereva hupimwa. Ninachojua ni kwamba yule anayetembea ndiye hulipa kwanza.

Tuje kwenye gharama. Mimi ni daktari, si wakili, na wewe unamhitaji wakili, umtafute wiki hii na usingoje mpaka siku ya kesi. Lakini nimetoa ushahidi mahakamani mara za kutosha kuijua njia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Anayepatikana na hatia hufungiwa pia leseni kwa miezi 12 au zaidi. Na kifungu hicho hakimgusi anayeendesha peke yake. Kinamgusa anayejaribu kuendesha na aliye na gari chini ya mamlaka yake. Kwa hiyo yule anayelala nyuma ya usukani nje ya baa, ufunguo uko kwenye swichi ili AC ifanye kazi, asidhani amejiokoa. Akitaka kulala, alale kwenye chumba, ufunguo ubaki kwa mtu mwingine.

Kama dereva amesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, ni kifungu cha 46, na hapo tunazungumzia kifungo cha hadi miaka 10.

Faini ndiyo watu huuliza kwanza, nami naiona ndogo kuliko zote. Itazame bima. Gari la kampuni bila shaka lina bima kubwa, ile inayofidia hata gari lenyewe. Usome mkataba, au uombe kuuona: kwa kawaida hizi bima huwa na sharti kwamba dereva akiwa amelewa, kampuni ya bima haitengenezi gari. Ungeligonga ukuta asubuhi ile, mwajiri wako angebaki na chuma chakavu, na wewe na deni lake. Kwa aliyejeruhiwa, sheria ya bima ya magari inailazimisha bima kumlipa, kwa kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, lakini baada ya kumlipa bima inaweza kumgeukia mwenye bima na kudai fedha zake. Na mahakama ikiamua kwamba mtu aliyevunjika uti wa mgongo anastahili zaidi ya milioni 3, kilichozidi kinatafutwa kwa waliosababisha. Nimewaona watu wakiuza shamba la urithi kwa jambo la dakika moja. Mtu wa miaka 38 anaweza kulipa deni la namna hiyo mpaka binti yake aolewe.

Kisha kuna kazi yenyewe. Mwambie mwajiri wako kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Sijui atafanya nini, lakini gari ni lake na jina lake liko kwenye logibuku, kwa hiyo habari itamfikia. Akiisikia kwako leo, atasikia pia kwamba ulipanda teksi kutoka Mtwapa, jambo ambalo karatasi ya polisi haitalisema. Na kama kuna rafiki anakushauri kulimaliza jambo hili pembeni kwa kitu kidogo, mkatalie. Utaongeza kosa juu ya kosa, na mwezi ujao utakuwa barabarani ukiamini kwamba saa zile si hatari.

Linganisha hayo yote na nauli ya teksi ya pili. Hata kama ungelipa shilingi elfu moja na mia tano kumpeleka mtoto Nyali na kufika kazini, au ungempa jirani yako wa tuktuk mia tatu akamchukua mtoto, wewe ukapanda matatu, Ijumaa hiyo ingekuwa imekwisha, usingeikumbuka.

Basi ufanye nini siku nyingine? Jambo lenye nguvu kuliko yote ni kuamua mchana, kabla ya kunywa, kwa sababu baada ya chupa ya pili anayeamua si wewe tena. Na uamuzi huo uwe wa safari mbili: narudije usiku, na naendaje asubuhi. Wewe ulijibu swali la kwanza tu. Ufunguo mpe mkeo jioni, na mpatane kwamba hautarudi kwako mpaka saa fulani ya kesho.

Saa hiyo utaijuaje? Kwa mwanamume mwenye uzito wako, hesabu saa tatu kwa kila chupa ya nusu lita, kuanzia saa uliyoanza kunywa. Hesabu yangu ya juu inatoa saa mbili na nusu na kitu, hiyo iliyozidi ni ya usalama. Chupa mbili kuanzia saa mbili usiku, subiri mpaka saa nane usiku. Ukilala mpaka asubuhi, uko salama. Chupa saba, saa ishirini na moja, yaani saa kumi na moja jioni ya siku ya pili. Toti mbili ni chupa moja. Kwa mwanamke wa kilo 60, mwili una maji machache zaidi, kwa hiyo chupa hiyohiyo hupandisha damu kwa karibu nusu zaidi kuliko kwako; yeye ahesabu saa nne kwa chupa, na zikifika tano si dhambi. Ukiona hesabu imepita saa za kazi, hiyo ni siku ya matatu, bila mjadala. Mtu akianza kubishana na hesabu akitafuta dakika za kupunguza, asiendeshe.

Hesabu hii haifanyi kazi kwa mnazi. Mnazi uliogemwa asubuhi si mnazi wa jioni, na uliolala ni mkali zaidi, kwa kuwa unaendelea kuchacha ndani ya chupa. Huwezi kujua umekunywa gramu ngapi. Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ni mbaya zaidi ya hapo. Aliyekunywa hivyo asiguse gari mpaka siku nzima ipite.

Dawa nazo. Piriton ya mafua, diazepamu, na baadhi ya dawa za maumivu na kifafa hulaza ubongo zenyewe. Zikikutana na bia zinaongeza ulevi, na kipimo cha pumzi hakizioni. Muulize mfamasia kabla, si baada.

Mkiwa kikundi, mchague dereva mkiwa bado mnavaa viatu, na huyo asionje hata moja. Nimechoka kusikia "tulimpa aliyekunywa kidogo". Na ukipanda bodaboda, mtazame anayekubeba: mpiga boda wa saa saba usiku nje ya baa naye ni binadamu, huenda amekunywa, mwombe aseme maneno mawili kabla hujapanda. Kutembea pia si salama kwa mlevi. Barabara ya Malindi gizani imewaua wengi waliokuwa wakijiona wameepuka kuendesha.

Kuna vifaa vidogo vya kupimia pumzi vinauzwa, na huenda utashawishika kununua kimoja. Sikupendekezei. Vya bei rahisi hupoteza usahihi visipopelekwa kurekebishwa, na mtu aliyelewa akisomewa 33 atasherehekea. Saa ya ukutani inatosha.

Jambo moja nalo nalisema kwa upole. Bia sita na toti mbili usiku wa kazi ni nyingi. Kama ilikuwa sherehe ya mara moja, sawa. Kama Alhamisi nyingine zinafanana na hiyo, au umewahi kuamka ukahitaji moja ya kutuliza mikono, njoo tuonane, au piga namba 1192 ya NACADA, ile mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozwi pesa.

Limebaki la mkeo. Mwambie kwamba mtoto alikuwemo. Mwambie leo usiku, wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa jirani wa tuktuk au kwa binti yako, ambaye ana macho na alikuona ukipuliza. Atakasirika, na ana haki. Ukimaliza kumwambia, panga na yule jirani wa tuktuk malipo ya wiki, awe anampeleka mtoto shule kila asubuhi mpaka kesi iishe.